Korongo, Darubini na Mama Mkwe

Ninyi wa klabu ya makarani, mnaokaa kwenye viti vyenu na kuniuliza ndege wamenifanya nini hata nikarudi na sura hii, nyamazeni nieleze mara moja, nisije nikarudia. Ndege hawajanikosea. Walionikosea ni watu, kuanzia shemeji yangu Kazadi, kupitia kwa Mzungu mmoja wa barabara, hadi kwa fundi cherehani wa Mutshatsha ambaye hata sasa nikimkumbuka mkono unaniwasha.

Mapenzi yangu mnayajua. Jumapili ninyi mnakwenda mpirani, mimi napanda baiskeli na kufuata vijia vya porini kutazama ndege. Tangu niliponunua darubini kwa Mgiriki aliyekuwa anafunga duka lake, hamjaacha kunicheka. Safari hii nilitaka kwenda mbali. Madereva wa malori walikuwa wamenihadithia kwamba mwisho wa kiangazi, nyanda za upande wa Sandoa zikishachomwa moto na majani mapya yakaanza kuchipua, korongo hushuka makundi kwa makundi na kucheza. Wanainamiana, wanaruka, wanatandaza mabawa, wanazungukana kama watu kwenye harusi. Nilikuwa sijawahi kuona. Likizo nikaipata, baiskeli nikaitia mafuta, na habari za vibali na karatasi siwasimulii, maana zinanipandisha damu bure.

Kolwezi hadi Lualaba

Tulipatana mimi na Kazadi, ndugu wa mke wangu, twende wawili. Asubuhi ya kuondoka nikasikia kengele yake nje. Kabla sijafungua mlango mke wangu Ngalula akanishika mkono na kuninong'oneza nitokee nyuma. Kisa? Kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya Kazadi, juu ya mto aliowekewa vizuri, alikuwa amekaa mama mkwe wangu, Mama Kapinga.

Sisi wa Kasai mnatujua. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Akija huku, wewe unapita kule. Hamli pamoja, hamzungumzi, na kitu hampeani mkono kwa mkono. Unakiweka chini, mtu wa tatu anakiokota. Ni heshima, wala si chuki. Mama Kapinga alikuja Kolwezi baada ya kufiwa na mumewe, akakaa kwa Kazadi upande wa pili wa kambi ya wafanyakazi, na muda wote huo mimi nilikuwa namfahamu kwa kikohozi chake na kwa rangi ya kitambaa chake cha kichwa. Nikikiona kile kitambaa sokoni, naingia duka la karibu.

Kazadi akaja nyuma ya nyumba anakwepa macho yangu.

"Shemeki Bukasa, mama naye anakwenda," akasema. "Anataka kuona makorongo namna banacheza, mbele macho yake ife kabisa."

Hilo la macho lilikuwa kweli. Vitu vya karibu alikuwa anaviona. Maharage alikuwa anachambua na jiwe halimpiti. Vya mbali vilikuwa vimegeuka ukungu, na sista wa zahanati alikuwa amesema ukungu ule utazidi kumsogelea. Alipokuwa msichana, korongo walikuwa wanacheza kando ya mashamba ya mihogo ya kwao. Alisikia kwamba mkwewe ana vioo vya kuvuta mambo ya mbali, akamwambia Kazadi anataka kuwaona tena, safari hii hii, maana hakuwa na hakika na kiangazi kijacho.

Sasa niambieni, mtu anakataaje? Kubishana naye siwezi, kwa sababu kusema naye siwezi. Nikapanda baiskeli na hasira zangu, nikatangulia.

Utaratibu ulikuwa huu: mimi mbele, wao nyuma, mbali kiasi cha kutoonana. Njia ikigawanyika, ninakata tawi na kulilaza kwenye kijia kisichofaa, ili Kazadi ajue nimepita kipi. Ungekuwa utaratibu mzuri kama Mama Kapinga asingekuwa mwimbaji. Alianza nyimbo za kanisa tangu tulipoacha nyumba za mwisho, na sauti yake ina nguvu kuliko miguu ya mwanawe. Kwenye kijito chenye miti mikubwa nilimwona shorobo, yule ndege wa zambarau ambaye mabawa yake yanawaka nyekundu anaporuka. Nilijikunja chini ya kichaka, nikainua darubini polepole, na hapo ubeti wa tatu ukafika. Shorobo akaenda zake.

Mto Lualaba tuliufikia jua likiwa kali. Kwenye ukingo wa mchanga keremkerem walikuwa wanaingia na kutoka kwenye matundu yao, wengi hata ukingo ulionekana unachemka. Nilikuwa ndiyo kwanza nimekaa, Kazadi akaja anakimbia kwa miguu.

"Mama anauliza kama ile njo makorongo."

Nikamwambia hapana, ni keremkerem, ndege wa kula nyuki. Akaenda, akarudi. Mama anauliza, kama wanakula nyuki, asali nani anaikula. Akaenda, akarudi. Mama anasema tule. Wao walikula kuku na ugali wa bukari moto kivulini. Mimi nililetewa fungu langu nyuma ya mwamba, limeshapoa, na wa kwanza kulionja walikuwa siafu.

Kambi ya barabara

Ng'ambo ya mto njia iliingia kwenye barabara mpya, na malori ya kwenda Nzilo yalikuwa yanatupaka vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Hapo nikapata pancha. Nikiwa naziba mpira, nikasikia wimbo unakaribia. Kazadi alikuwa kwenye mteremko na breki zake mnazijua. Nilifanya ambalo yeyote kati yenu angefanya. Niliacha baiskeli, nikaruka mtaro na kujitupa porini, darubini inanipigapiga kifuani.

Mlinzi wa kambi ya barabara alikuwa ananitazama. Yeye si mtu wa kwetu. Aliona mtu mweusi mwenye darubini anakimbilia porini kwa kuwa baiskeli inakuja, akahesabu kwamba ni jangili na baiskeli ile ni ya askari. Akanifuata na rungu, akanitoa kwenye miiba kwa kola ya shati, shati ambalo Ngalula alilipiga pasi kwa ajili ya safari. Nikapelekwa kwa msimamizi wake, Mzungu mmoja mnene aliyekuwa amekaa barazani na mkewe wanakunywa kahawa.

Nilivua kofia kama inavyotakiwa. Hakunitazama usoni. Aliitazama darubini, akaivua mwenyewe shingoni mwangu, na swali lake la kwanza lilikuwa nimeiiba kwa nani. Nilimjibu kwa Kifaransa kizuri, mnakijua Kifaransa changu, kwamba ni mali yangu na natazama ndege. Akanijibu kwa Kiswahili, kile cha kuamrisha watumishi, kwamba watu wa rangi yangu wakitazama ndege wanatazama mchuzi. Mkewe akacheka. Alinisimamisha juani muda mrefu anaelekeza darubini yangu kwa wapishi, kwa mbuzi, kwa mawingu, na kila alipoishusha aliipangusa vioo kwa kidole chenye mafuta ya siagi. Kile kidole kilinichoma roho kuliko matusi.

Ndipo Kazadi akafika na mama yake, na katika kunitetea akaharibu. Alieleza kila kitu: mimi ni mkwe, yule ni mama mkwe, nilikuwa namkimbia kwa heshima. Mzungu alicheka mpaka akakohoa. Akamtafsiria mkewe. Mkewe akapiga makofi na kusema jambo kwa lugha yao, na mume akasimama, akanishika bega.

"Wee, geuka," akasema. "Salimia mama mukwe. Sisi tunataka kuona."

Rafiki zangu, nimeitwa nyani kazini nikanyamaza. Nimepangwa foleni ya nyuma kwenye duka ambalo hesabu zake naandika mimi, nikanyamaza. Lakini pale nilijaa hasira, maana nilikuwa nafanywa kichekesho cha kahawa, na yule mama nyuma yangu ana umri wa bibi yake. Nilikaza shingo nikatazama ardhi. Akanisukuma. Sikugeuka.

Nikasikia nguo. Baadaye Kazadi alinieleza: Mama Kapinga alifungua kitenge chake cha juu, akajifunika kichwa chote, akaketi chini katikati ya uwanja wa Mzungu, akawapa wote mgongo. Sauti yake ilitoka ndani ya kitenge bila haraka.

"Kazadi, umuambie ule muzungu, mi sione mutu hapa. Mi naona vumbi tu."

Mzungu alingoja. Kahawa ikapoa. Mkewe akachoka, akaingia ndani. Mwisho Mzungu akaniwekea darubini shingoni kwa nguvu, akasema tutoke, tusionekane tena karibu na barabara yake. Nilikwenda mbele kama desturi, na kwa sehemu kubwa ya jioni hiyo sikutazama ndege hata mmoja. Nyuma yangu hakuna aliyeimba.

Mutshatsha

Mutshatsha tulifikia kwa fundi cherehani, mtu wa Kasai kama sisi, rafiki ya marehemu baba mkwe wangu. Alitupokea vizuri, sombe ya majani ya mihogo ilikuwa na karanga nyingi, na mimi nilipewa chumba cha vyerehani vibovu ili nisikutane na Mama Kapinga ukumbini. Tungelala kwa amani kama Kazadi asingefungua mdomo tena. Akiwa bado anatafuna, aliuliza kama itakuwa sawa mama akitazama korongo kwa darubini yangu.

Fundi aliweka kijiko chini. Mimi nilikuwa nasikiliza nyuma ya pazia.

"Haiko sawa," akasema. "Ile darubini, jumelles, ni macho ya Bukasa. Kila siku anaiweka ku macho yake. Sasa mama mukwe naye aiweke ku yake? Njo kuonana ile."

Nilisahau adabu nikatokeza kichwa. Nilimwambia ni vioo, vioo na bati, vimetoka kiwandani Ulaya, na kwa hesabu hiyo hata Mgiriki aliyeniuzia amekwisha kuonana na ukoo mzima. Fundi hakutikisika. Alisema mto wa mkwe mama mkwe haulalii, kijiko cha mkwe hakitumii, basi macho ya mkwe ndiyo zaidi. Majirani wakaitwa. Mmoja akasema inafaa kabisa, mwingine akasema labda ikilala nje usiku kucha. Mke wa fundi, mwenye nia njema kuliko wote, akashauri ichemshwe kwanza kwenye maji ya majivu, na alikuwa amekwisha kwenda kutafuta sufuria. Niliikumbatia darubini yangu kama mtoto mwenye homa. Kutoka Kolwezi nimetukanwa na Mzungu kwa sababu ya heshima hii hii, na sasa watu wa kwetu wenyewe wanataka kunipikia vioo.

Hukumu ya fundi ilikuja wakati wa chai ya asubuhi. Darubini ni macho, hilo halina ubishi, lakini macho yanaweza kuachwa. Nikiiweka chini na kuondoka, nikaacha kuitumia mpaka jua lizame, siku hiyo inakuwa si yangu, na Mama Kapinga anaweza kuishika. Wote wakaitikia kwa kichwa, wameridhika. Hakuna aliyeniuliza mimi nitawatazama korongo kwa kitu gani. Asubuhi ndiyo wanacheza. Akiishika yeye, mimi nimekula hasara.

Kisenge

Njia ya Kisenge siisemi sana. Tairi la nyuma la Kazadi lilipasuka kwa uzito wa mama na mto wake, na kwa kuwa mpira mwingine hatukuwa nao, tulilijaza majani makavu, likawa linadunda kama ngoma. Walitembea zaidi kuliko walivyopanda. Mimi nilikuwa nangoja mbele kwenye kila kilima, natazama pungu akizunguka juu ya moto wa nyika, nanung'unika.

Kisenge kwenyewe kila kitu ni cheusi kwa vumbi la mgodi wa manganizi, majani, kuku, hata mate. Mama mmoja muuza chakula alitupa bukari na samaki wa makayabu wenye chumvi ya kutosha kujaza duka. Mimi nilikula changu nyuma ya jiko, pamoja na bata. Hapo Kazadi akaanza kuleta maswali ya ajabu.

"Mama anauliza kama uko na ndevu."

Nikamwambia nina wembe. Akaenda, akarudi. Mama anauliza kama pua yangu ni pana au ni ya kuchongoka. Nikauliza pua yangu imefanya nini. Akaenda, akarudi. Mama anauliza nikicheka meno yanaonekana yote au nusu. Nilimjibu kwamba kwa safari kama hii atangoja sana kuyaona, na bata mmoja akachukua samaki wangu. Nilijiona nadharauliwa. Nilidhani wananicheka wakiwa wawili kule mbele ya nyumba, na siku nzima iliyofuata sikumjibu Kazadi zaidi ya kumwonyesha njia kwa kidole.

Uwanda

Tulilala kijiji cha ukingoni mwa uwanda. Asubuhi wenyeji wakatuelekeza: vuka majivu, ukifika kwenye kichuguu kikubwa simama, mbele yake ni majimaji na korongo hawapendi mguu wa mtu. Nilitangulia peke yangu. Uwanda wote ulikuwa mweusi, na katikati yake, chini kwenye bonde, mstari wa majani mabichi. Nililala kifudifudi kando ya kichuguu, nikainua darubini.

Walikuwepo. Sikuwahesabu. Warefu, wa kijivu, shingo nyeupe, wanatembea wakidonoa kama wanawake wanaookota karanga shambani. Bado hawakuwa wameanza kucheza. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza nyuma yangu, na nilikuwa naona mpaka unyoya unaopepea mgongoni. Kisha mmoja akamwinamia mwenzake. Na hapo nikasikia lile tairi la majani linadunda.

Kazadi alimsimamisha mama yake nyuma ya kichuguu, akaja kwangu anatambaa. Alinyoosha mkono tu, kisha akakumbuka, akaurudisha.

Nisiwadanganye, nilifikiri kukataa. Nilifikiri pia juu ya kile kitenge alichojifunika kwenye uwanja wa Mzungu, nikaona haya. Niliiweka darubini kwenye majivu, nikaondoka bila kutazama nyuma. Nilishuka mteremko kuelekea bondeni, nikizungukia pembeni, ili nisiwashtue ndege na angalau niwaone kwa macho yangu matupu. Nikapata mahali pazuri, nikasimama. Kwa mbali wawili walikuwa wanaanza kuinamiana. Mmoja akatandaza bawa.

"Shemeki," Kazadi akaniita kutoka juu. "Usimame pale pale. Mama anasema ugeuke ku jua."

Nikamjibu kwa mkono, angoje. Nikamwonyesha bondeni, kwamba hao ndio wanaanza, na kama mama yake hawaoni ainue vioo kidogo.

"Makorongo ameisha kubaona. Anasema ugeuke."

Nikageuka nusu, nikikusudia kumfokea. Mama Kapinga alikuwa ameketi juu ya kichuguu, jua mgongoni mwake, darubini imekaa sawa machoni. Haikuelekea bondeni. Ilinielekea mimi.

Jamani, mimi ni mtu wa hesabu na sikuwa nimeijumlisha hiyo. Karibu naye siwezi kufika, kwa heshima. Mbali haoni, kwa ukungu. Tangu nimwoe binti yake, mtu pekee katika ukoo ambaye hajui mume wa Ngalula ana sura gani alikuwa yeye, na asingeijua kamwe kama angengoja kiangazi kingine. Mzungu alitaka kumpa uso wangu bure, yeye akaukataa. Hapa aliuomba mwenyewe.

Nikageuka wote. Nikavua kofia. Macho niliyashusha chini, maana hilo hakuna kioo kinacholiondoa, lakini uso niliuinua juani, nikasimama wima kama mtu anayepigwa picha.

Nyuma yangu wakaanza kucheza. Nilijua kwa sauti. Kwanza mlio mmoja, mrefu, kisha kundi zima, na mabawa yakipiga, na miguu ikidondoka kwenye maji, na mlio tena, na mabawa tena. Ilidumu sana. Walikuwa wanacheza ngoma ile niliyopiga pedali kuifuata kutoka Kolwezi, mgongoni mwangu, na mimi nilikuwa natazama majivu kwenye ncha za viatu vyangu. Shingo iliniuma kwa kutogeuka. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na machozi, na sikujifuta kwa sababu nilikuwa natazamwa.

Kazadi ndiye aliyeleta neno, na kwa mara ya kwanza hakulifupisha.

"Mama anasema uko na sura ya mutu wa kasirani. Anasema ni muzuri, na baba yetu, tata wa Ngalula, alikuwa vile. Anasema ubakie kidogo tena, hajamaliza."

Nikabaki. Mlio ulipanda, mabawa mengi yakapita juu ya kichwa changu kwa upande, sikuinua macho. Kazadi aliponiambia kwamba mama ameshusha darubini na kuiweka kwenye majivu, nilivaa kofia yangu, nikageuka, na bondeni kulikuwa kumebaki majani mabichi na maji yanayotikisika.